Uliza Ujibiwe: Hadithi za senti kumi

Toleo lililopita niligusia kwenye mistari miwili tu yale majarida ya hadithi ya Marekani ya zamani, yale yenye kava za kutisha, mrembo kabebwa na roboti halafu jamaa anakuja mbio na bastola, basi maswali yamemiminika mpaka nimeamua ukurasa wa leo wote uwe wa hayo. Yule aliyeuliza bei za simu za mtumba anivumilie mpaka mwezi ujao.

SWALI: Shikamoo mhariri. Hayo majarida yalianza lini na ni nani aliyaanzisha? Na mbona uliyaita majarida ya palpu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Palpu ni hiyo karatasi yenyewe, ile ya bei ya chini kabisa inayotengenezwa kwa mbao zilizosagwa, ndugu yake karatasi ya gazeti. Na mtu wa kumtaja hapa ni Frank Munsey. Huyu bwana alikuwa mpiga telegrafu huko Augusta, jimbo la Maine, mwaka 1882 akaenda New York na kama dola 40 hivi mfukoni, akaanzisha jarida la watoto linaitwa The Golden Argosy. Haikupita hata nusu mwaka mchapishaji wake akafilisika, na Munsey alikuwa anamdai mshahara, sasa hela hakuna ikabidi achukue jarida lenyewe kufidia deni lake. Kwa miaka kadhaa alihangaika nalo, analiandikia mwenyewe usiku, anakopa huku analipa kule, jina akalifupisha likawa The Argosy, ila bado halijakaa sawa.

Mwaka 1896 ndo akapata wazo. Enzi hizo majarida ya heshima yalikuwa senti 25 mpaka 35, karatasi ya kung'aa, michoro mizuri, makala za safari na siasa. Munsey akasema yote hayo toa. Picha ndani hakuna, makala hakuna, hadithi mwanzo mwisho, kurasa 192 za karatasi ya ovyo, bei senti 10. Maana mtu anayetoka kiwandani jioni hanunui karatasi, ananunua nini kilimpata stelingi. Kufika 1907 Argosy lilikuwa linauza kama nakala 500,000 kwa mwezi.

Tuwe wakweli lakini, hadithi za bei rahisi zilikuwepo kabla yake. Kina Beadle wa New York walikuwa wanatoa vitabu vya senti kumi tangu 1860, na Uingereza nako vijana walikuwa na vijitabu vyao vya peni moja vya majambazi na damu. Alichofanya Munsey ni kuvikusanya vyote kwenye gunia moja, kila mwezi unapata hadithi kumi na kitu pamoja na vipande vya riwaya za kuendelea, kwa hiyo ukinunua la Machi lazima ununue na la Aprili ujue mwisho wake.

Na hapo ndo utaelewa zile kava. Majarida ya karatasi nzuri yaliishi kwa matangazo ya sabuni na magari, haya ya palpu matangazo yalikuwa machache tena ya vitu vidogo vidogo, dawa ya nywele, kozi za kwa posta, kwa hiyo hela ilitoka kwa yule anayepita kibandani. Kibanda kimoja kina majarida mia na zaidi yamepangwa, una sekunde mbili za kumkamata mtu. Ndani karatasi ya kahawia kama mfuko wa sukari, nje kava ya kung'aa nyekundu na njano, mchoraji kalipwa vizuri kuliko mwandishi. Wakati mwingine kava inachorwa kwanza halafu mwandishi anaambiwa haya, tafuta hadithi itakayoendana na hii.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba waandishi walikuwa wanalipwa kwa idadi ya maneno. Ni kweli? Si ndo maana hadithi zenyewe zilikuwa ndefu bila sababu? (Mwalimu wa sekondari, Kisumu)

JIBU: Mwalimu, kweli kabisa. Kiwango cha kawaida kilikuwa senti moja kwa neno, majarida ya chini nusu senti au pungufu ya hapo, ukishapata jina unafika senti mbili tatu. Erle Stanley Gardner, yule wakili wa California aliyekuja kumuumba Perry Mason, wakili wa kwenye hadithi, aliwahi kutania kwamba kila bunduki ikilia kwenye hadithi yake yeye anaingiza senti tatu, sasa kwa nini stelingi amalize mapigano huku bado ana risasi ambazo hazijalipiwa? Huyu alijiwekea kiwango cha maneno milioni 1.2 kwa mwaka, na mchana yuko mahakamani!

Ila sikubaliani na wewe kwamba zilikuwa ndefu bila sababu. Mhariri naye si mjinga, ana kurasa za kujaza na wasomaji wa kuwashika, ukizunguka zunguka anakurudishia. Malipo kwa neno yaliwafundisha watu kuandika haraka, na kuandika haraka kunataka uwe na ramani kichwani. Lester Dent, ambaye ndo aliandika vituko vingi vya Doc Savage, stelingi mmoja wa majarida hayo, aliitoa ramani yake wazi kabisa: hadithi ya maneno 6,000 igawe mafungu manne ya maneno 1,500, fungu la kwanza mtupie stelingi balaa tangu mstari wa kwanza, la pili mwongezee, la tatu mwongezee tena mpaka aonekane kaisha, la nne ajitoe mwenyewe kwa akili zake, asije mtu kumuokoa. Hebu mpe mwanafunzi wako wa fomu tatu hiyo uone.

Halafu kuna Walter Gibson, huyu mimi ananishangaza mpaka leo. Mwaka 1930 kampuni ya Street & Smith ilikuwa na kipindi cha redio cha kutangaza jarida lao la upelelezi, na mtangazaji wa kipindi alikuwa na sauti ya kutisha anajiita The Shadow. Wasikilizaji badala ya kwenda kununua jarida linalotangazwa wakawa wanaenda vibandani kuuliza lile jarida la The Shadow, jarida ambalo halipo! Kampuni ikakurupuka ikalianzisha mwaka 1931, na Gibson, ambaye alikuwa mtu wa mazingaombwe na mwandishi wa magazeti, akapewa kazi ya kuandika chini ya jina la bandia Maxwell Grant. Likauza mpaka likawa linatoka mara mbili kwa mwezi, riwaya nzima kila toleo. Riwaya 325 zilitoka, Gibson kaandika 282. Na hilo jina Maxwell Grant lilikuwa mali ya kampuni, yani akiumwa yeye anakaa mwingine kwenye kiti na msomaji hajui.

Upande wa pili yupo Raymond Chandler. Alikuwa bosi kwenye kampuni ya mafuta Los Angeles, akafukuzwa kazi mwaka 1932 kwa ulevi na utoro, umri wake miaka 44. Akawa anasoma haya majarida kwa vile ni rahisi, akaona mbona na mimi naweza. Alichukua hadithi ya Gardner huyo huyo, akaandika muhtasari wake, akaifunga, akaiandika upya yote kwa maneno yake, kisha analinganisha aone wapi kazidiwa. Hadithi yake ya kwanza ilimchukua miezi mitano, ikatoka kwenye Black Mask la Desemba 1933, akalipwa dola 180. Piga hesabu, miezi mitano dola 180! Kwa hela ile ile ya senti kwa neno, mmoja anaandika riwaya mbili kwa mwezi na mwingine anasugua sentensi moja wiki nzima.

Na Black Mask lenyewe lina kichekesho chake. Mwaka 1920 H. L. Mencken na George Jean Nathan, wakosoaji wakubwa wa fasihi, walikuwa na jarida lao la kistaarabu linaitwa The Smart Set na lilikuwa linakula hasara. Wakaanzisha Black Mask kwa dola 500 ili lilipie madeni ya lile la kistaarabu, wenyewe hawakulipenda hata kidogo, na baada ya matoleo manane wakaliuza dola 12,500. Mwaka 1926 likapata mhariri mpya, Joseph Shaw, akamshikilia Dashiell Hammett, mtu aliyekuwa mpelelezi wa kweli wa kampuni ya Pinkerton, akawaambia waandishi wengine mnaona huyu anavyoandika, kata maneno. Leo The Smart Set ni la wanahistoria. Hammett anasomwa vyuo vikuu.

Kulipwa kulikuwa na matatizo yake pia. Weird Tales, jarida la mauzauza lililoanza 1923, lilikuwa linalipa hadithi ikishachapishwa, na mara nyingi hata ikishachapishwa unasubiri. Robert E. Howard, muumba wa Conan yule shujaa wa upanga, alipofariki mwaka 1936 alikuwa bado analidai zaidi ya dola 1,300.

SWALI: Habari za kazi kaka. Kwenye hayo majarida wanawake walikuwepo au ni wa kubebwa na maroboti tu kwenye kava? (Dada msomaji, Arusha)

JIBU: Nzuri dada, na swali lako limenifurahisha. Walikuwepo, na hela nyingi ilitoka kwao. Street & Smith walianzisha Love Story Magazine mwaka 1921, likawa la kila wiki, na mwaka 1928 akakabidhiwa Daisy Bacon, mwanamke, akaliendesha karibu miaka 20. Lilikuwa miongoni mwa majarida yaliyouza kuliko yote ya aina yake, hao wapelelezi na maharamia wa angani wakae nyuma. Ila ukiangalia vitabu vya historia utakuta Black Mask lina sura nzima na Love Story lina aya moja, mimi naona ni dharau ile ile ya siku zote, hadithi ikiwa ya mapenzi basi haina akili.

Na zile kava zenye wanawake nusu uchi za Weird Tales, nyingi za miaka ya 30 zilichorwa na mwanamke, Margaret Brundage wa Chicago. Alitumia chaki za rangi, zile ambazo ukizigusa zinafutika, dola 90 kwa kava moja. Alisaini M. Brundage tu kwa hiyo wasomaji wengi walidhani ni mwanaume, kumbe mama ana mtoto mdogo nyumbani. Jarida lilipohamia New York mwaka 1938 kazi ikapungua, michoro ya chaki si kitu cha kutuma kwa treni.

Mwingine ni C. L. Moore, huyu alikuwa Catherine. Watu hupenda kusema alificha jina kwa sababu wanaume wasingemsoma, lakini mwenyewe alieleza kwamba alikuwa anawaficha waajiri wake wa benki huko Indianapolis, ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi na aliogopa wakijua ana kipato kingine watamwondoa yeye kwanza. Ukweli wa mshahara!

SWALI: Eti Tarzan alitokea kwenye majarida hayo hayo? Na huyo aliyeandika aliwahi kufika Afrika kweli? Maana mimi porini nimekulia na sijaona mtu akiruka na kamba. (Mzee wa Voi)

JIBU: Shikamoo mzee. Alitokea huko huko, kwenye The All-Story la Oktoba 1912, riwaya nzima kwenye toleo moja. Edgar Rice Burroughs hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa kashindwa biashara karibu zote alizogusa, wakati huo alikuwa anashughulika na mauzo ya vichongeo vya penseli, na moja ya kazi zake ilikuwa kukagua matangazo kwenye majarida kama yametoka sawasawa. Akisubiri anasoma na hadithi, akajisemea kama watu wanalipwa kwa uozo huu na mimi naweza kuandika uozo. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya Mars, akalipwa dola 400, akaogopa watu watamwona kachanganyikiwa akajiita Normal Bean, yani mwenye kichwa kizima, mpanga chapa akadhani ni kosa akabadilisha ikawa Norman. Ya Tarzan akalipwa dola 700.

Sasa mzee utacheka. Kwenye ile ya jaridani, mnyama mkali anayeitwa Sabor alikuwa chui milia, tiger wa India! Katikati ya msitu wa Afrika. Wasomaji wakaandika barua kulalamika kwamba Afrika hakuna mnyama huyo, na kitabu kilipotoka mwaka 1914 Sabor akageuzwa kuwa simba jike. Simba wa msituni huyo, lakini angalau ni wa bara hili. Nafuu kidogo ni kwamba majarida haya yalikuwa na kurasa za barua na watu walizitumia kweli, kosa likipita wanakushukia. Kuhusu Waafrika wenyewe walivyochorwa kwenye hadithi zile hakuna barua iliyosaidia, ni matusi matupu, na majarida kama Jungle Stories yaliendelea nayo mpaka miaka ya 50.

SWALI: Je, huku kwetu yalifika? Baba yangu husema walikuwa wanasoma Spear. (Msomaji, Temeke)

JIBU: Baba yako anakumbuka vizuri. Ya Marekani yenyewe hayakuwa kitu cha kila kibanda huku, ila watoto na wajukuu wake walifika. Spear ni Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la African Film, kutoka kampuni ya Drum ya Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 60. Hii haikuwa michoro, ilikuwa picha za watu kweli zimepangwa na maneno yao pembeni, unasoma kama unaangalia sinema. Jore Mkwanazi ndo alikuwa Spear, kofia, suti, tai ya kipepeo, gari la kifahari, msaidizi wake Sonia, dogo Lemmy, na adui yao Rabon Zollo. Yalisomwa Nairobi, Dar, Kampala, Lagos, Accra, nakala moja inazunguka mtaa mzima mpaka kava inang'oka. Mtu mweusi ndo stelingi na polisi wanamtegemea, wakati kwenye sinema za wakati ule mtu mweusi anabeba mizigo ya Tarzan. Baadaye Faraji Katalambulla, yule wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, akatoa Film Tanzania kwa Kiswahili, mtindo huo huo wa picha.

Tawi lingine ni la Zanzibar. Sherlock Holmes alipata umaarufu kupitia jarida, The Strand la London, kuanzia 1891, hadithi moja moja kila mwezi. Na Muhammed Said Abdulla alipotuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, yeyote aliyemsoma Holmes anamwona pale pale, mpaka na rafiki wa kumshangaa. Toka hapo riwaya pendwa zetu zikashika kasi, Willy Gamba wa Musiba, Joram Kiango wa Mtobwa, na baadaye hadithi za kuendelea za Eric Shigongo kwenye magazeti ya mtaani, zile zinazokatwa mtu akiwa na kisu shingoni halafu wanakuandikia itaendelea wiki ijayo. Munsey angefurahi.

SWALI: Kama yalipendwa hivyo kwa nini yalikufa? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Hakuna muuaji mmoja. Vita ya pili ilileta uhaba wa karatasi, kurasa zikapungua na bei zikapanda. Vijana walihamia kwenye vibonzo vya kina Superman. Watu wazima wakapata vitabu vya mfukoni, Pocket Books walianza 1939 kwa senti 25, riwaya nzima inaingia mfukoni na haichaniki. Halafu televisheni ikamaliza. Mwaka 1949 Street & Smith walifunga karibu majarida yao yote ya palpu kwa mpigo, wakabakiza Astounding la hadithi za sayansi, na hilo likawa limeshapunguza umbo. Mwaka 1957 kampuni kubwa ya usambazaji, American News Company, ikavunjwa, waliobaki wakakosa hata wa kuwafikisha vibandani. La mwisho wa ukoo huo lilikuwa Ranch Romances, la mapenzi na ng'ombe, lilifika mpaka 1971.

SWALI: Marehemu babu ameacha boksi la magazeti na majarida ya miaka ya 60 na 70, yamekuwa ya njano na yanakatika kingo. Nilitaka kuyapeleka stesheneri wayafanyie laminesheni. Nifanye? (Mjukuu, Tanga)

JIBU: Pole kwa msiba, na tafadhali usiyapeleke. Karatasi ya mbao ina asidi ndani yake, na kuna kitu kwenye mbao kinachoitwa lignini ambacho kikikutana na mwanga na hewa kinageuka kahawia na karatasi inakuwa ngumu mpaka inavunjika kama biskuti. Laminesheni inapika karatasi kwa moto halafu inaifungia na asidi yake humo humo, na huwezi tena kuitoa. Selotepu pia hapana, gundi yake inaacha doa la kahawia.

Kwanza yatoe kwenye chumba chenye jua na unyevu, Tanga naijua hali yake, usiweke boksi sakafuni wala kugusa ukuta, mchwa wanapita hapo hapo. Yalaze, usiyasimamishe. Katikati ya kila moja na jingine weka karatasi nyeupe isiyo na asidi ukiipata. Usipulizie dawa ya mende juu ya karatasi. Halafu kabla hayajachoka zaidi yapige picha, hata kwa simu, mchana karibu na dirisha, ukurasa mmoja mmoja na kava mbele na nyuma, usikunje mgongo wa jarida ili lilale. Ndivyo yale ya Wamarekani yalivyookolewa, watu wenye maboksi majumbani waliyaskani wakayapandisha, leo ukiingia Internet Archive unayasoma bure maelfu yake na matangazo yake yote. Na ukikuta humo African Film au Film Tanzania usimgawie jirani hata moja kabla hujalipiga picha.